Kadi za zawadi za hoteli kwa bei ya punguzo: nazinunua, ila kwa masharti

Kadi ya zawadi ya hoteli, yaani kadi iliyojazwa pesa za kulipia malazi, ikiuzwa chini ya thamani yake ni akiba ya kweli, na mimi ni mnunuzi wa siku nyingi. Lakini akiba hiyo siihesabu siku ninapolipia kadi. Naihesabu asubuhi ninapoondoka hotelini, karani wa mapokezi akiwa ameshaipitisha kadi kwenye mashine, bili imesoma sifuri na risiti iko mkononi. Kabla ya hapo nina ahadi tu, na katika safari mambo mengi yanaweza kuingia kati ya ahadi na risiti.

Kazi yangu ni ukalimani wa mikutano hapa Marekani. Wateja wangu wengi hulipa siku za kazi peke yake, malazi najigharamia. Ndiyo maana bei ya chumba naitazama kwa jicho kali. Kila dola inayopungua kwenye bili ya hoteli ni dola ninayorudi nayo nyumbani, na kila usumbufu pale mapokezi ni usingizi niliopoteza kabla ya kuingia kwenye kibanda cha ukalimani saa mbili asubuhi. Tathmini hii basi ni ya mtu anayelipa mwenyewe na kulala mwenyewe.

Kadi za zawadi za aina hii si za zamani sana. Duka la kukodisha filamu la Blockbuster ndilo linalotajwa kuwa lilianza kuzitundika dukani katikati ya miaka ya 1990, na kampuni za hoteli zikafuata. Leo utakuta za Marriott, Hilton, Hyatt na nyingine, pamoja na za tovuti za kuuza vyumba kama Hotels.com. Punguzo lake linatoka sehemu tatu, na sehemu hizo hazilingani kwa usalama. Kuna kampuni yenyewe ya hoteli, ambayo mara moja moja, hasa kuelekea mwisho wa mwaka, huuza kadi zake kwa bei iliyoshushwa au kuongeza kadi ndogo juu ya ile uliyonunua. Kuna maduka makubwa na maghala ya wanachama kama Costco, yanayouza kadi za aina mbalimbali chini ya thamani iliyoandikwa ili mwanachama aendelee kuja. Halafu kuna soko la mkono wa pili: tovuti kama CardCash, ambako mtu aliyezawadiwa kadi asiyoihitaji huiuza kwa hasara kidogo, na wewe unainunua kwa faida kidogo, tovuti ikichukua chake katikati.

Uzuri mkubwa wa kadi hizi, ambao wengi hawauoni mara moja, ni kwamba punguzo lake linakaa juu ya mapunguzo mengine. Kuponi ya tovuti ya kuuza vyumba mara nyingi hukataa kuchanganywa na ofa nyingine yoyote. Bei ya mwanachama, yaani mteja aliyejiunga na mpango wa kampuni ya hoteli, ina masharti yake. Kadi ya zawadi haina ugomvi na bei yoyote kwa sababu yenyewe si bei, ni njia ya kulipa. Naweka nafasi moja kwa moja kwa kampuni ya hoteli kwa bei ya mwanachama, au kwa bei ambayo waandaaji wa mkutano wamewapatia washiriki, kisha siku ya kuondoka nalipa kwa kadi niliyoinunua pungufu. Hoteli inahesabu kuwa imelipwa yote. Mimi mfukoni nimetoa kidogo.

Na hapa ndipo ninapoipenda zaidi. Kampuni nyingi za hoteli zinauza chumba kimoja kwa bei mbili: ile unayolipa papo hapo bila haki ya kurudishiwa pesa, na ile ya juu kidogo inayokuruhusu kughairi hadi siku moja au mbili kabla ya kufika. Mkutano ukiahirishwa, yule aliyelipa kabisa amepoteza. Kwa ukalimani, mikutano kuahirishwa ni jambo la kawaida kabisa. Kwa hiyo nachukua ile bei ya juu yenye uhuru, na punguzo la kadi linaishusha hadi karibu na ile ya chini. Nimepata unafuu na bado nina ruhusa ya kubadili mawazo. Mkutano ukifa, naghairi chumba na kadi yangu inabaki mkononi ikiwa haijaguswa, kwa sababu hoteli ilikuwa bado haijaipitisha. Hakuna ofa nyingine ninayoijua inayonipa vyote viwili kwa urahisi huu.

Sasa tuje mapokezini, maana huko ndiko kadi inakofaulu au kufeli.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa kuwa hoteli ina jina la kampuni kubwa mlangoni, basi kila mhudumu anaijua kadi ya kampuni hiyo. Si hivyo. Hoteli nyingi zenye majina makubwa ni mali ya watu au kampuni nyingine zinazotumia jina hilo kwa mkataba. Wafanyakazi wameajiriwa na mwenye jengo, na wengine wanakaa miezi bila kuona kadi ya zawadi hata moja. Nakumbuka karani mmoja, kijana mpole, aliyeichukua kadi yangu akaipitisha kwenye mashine kama kadi ya benki. Mashine ikakataa. Akaipitisha tena polepole, ikakataa tena. Nyuma yangu foleni ya watu wenye mabegi, nje gari la kwenda uwanja wa ndege linanguruma. Nikamwomba taratibu aangalie kwenye orodha ya njia za malipo, maana kwenye mfumo wao kadi ya zawadi ina sehemu yake. Akamwita msimamizi wa zamu. Yule mama alikuja, akafungua ukurasa tofauti, akaandika namba ndefu ya mbele, kisha akaniomba nikwangue ule ukanda wa nyuma na kumsomea namba ya siri. Salio likatokea kwenye skrini, akalikata kwenye bili, na kiasi kilichobaki akakiweka kwenye kadi yangu ya mkopo. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu, lakini kama ningefika pale dakika chache kabla ya gari kuondoka, ningelipa yote kwa kadi ya mkopo na kuondoka na kadi ya zawadi isiyotumika.

Tangu hapo, usiku wa kuamkia kuondoka nashuka mapokezini wakati kumetulia, mara nyingi baada ya saa tatu, nasema kwamba kesho nitalipa kwa kadi ya zawadi na naomba waniandalie bili. Wakati mwingine wanaimaliza hapo hapo. Naomba risiti iliyochapishwa inayoonyesha njia ya malipo, na naisoma nikiwa bado nimesimama mbele ya kaunta. Jambo la kuangalia ni moja: je, ile kadi ya mkopo niliyowapa siku ya kuingia nayo imekatwa? Hoteli huomba kadi ya benki unapoingia hata kama umesema utalipa kwa kadi ya zawadi, ili wazuie kiasi fulani kwa ajili ya gharama za ziada. Kadi ya zawadi haikubaliki kwa kazi hiyo. Mfumo ukiachiwa uende wenyewe alfajiri, unakata bili yote kwenye kadi ya mkopo, na kuirekebisha ukiwa umeshafika nyumbani ni simu juu ya simu. Anayetumia kadi ya debiti aelewe pia kwamba kiasi kinachozuiwa ni pesa yake halisi, na inaweza kuchukua siku kadhaa kuachiliwa.

Kuhusu hesabu, asilimia iliyoandikwa kwenye tangazo inadanganya kwa upande mmoja. Tuseme kadi ya dola 500 inauzwa dola 450. Hiyo ni asilimia 10. Ukalala, bili ikawa dola 463. Kadi imelipa yote na imebaki na dola 37. Mpaka utakapozitumia hizo 37, wewe umetoa dola 450 kwa huduma ya dola 463: umeokoa dola 13, chini ya asilimia 3. Akiba iliyobaki imefungiwa ndani ya kadi hadi safari nyingine, kwenye hoteli za kampuni ile ile. Ndiyo maana nanunua kadi ndogo ndogo, jumla yake ikiwa chini kidogo ya bili ninayoitarajia, na tofauti naimalizia kwa kadi ya mkopo. Zikitumika zote hadi senti ya mwisho, asilimia 10 inakuwa asilimia 10 kweli.

Kupiga hesabu ya bili mapema kumekuwa rahisi zaidi siku hizi. Zamani ungeona bei nzuri kwenye tovuti, kisha ada za hoteli zikajitokeza mwishoni. Tume ya Biashara ya Marekani, ile FTC, ilitunga kanuni iliyoanza kutumika Mei 2025 inayotaka bei ya malazi inayotangazwa ijumuishe ada zote za lazima. Kodi za serikali bado zinaweza kuongezwa baadaye, kwa hiyo nenda hadi ukurasa wa mwisho wa kuweka nafasi, chukua jumla yote, ndipo uchague ukubwa wa kadi.

Mdogo wangu aliwahi kuniuliza, “Dada, sasa kama punguzo ni zuri hivyo, si ununue nyingi kabisa uziweke?” Nikamwambia hapana, na sababu nilizompa ni hizi hizi. Pesa iliyogeuzwa kadi haiwezi kulipa kodi ya nyumba wala daktari. Kampuni ikianguka, mwenye kadi anageuka mdai asiye na dhamana, anapanga foleni nyuma ya mabenki. Kampuni ya Sharper Image ilipoomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2008, ilisitisha kupokea kadi zake za zawadi, kisha ikazirudisha kwa sharti la mteja kununua bidhaa za thamani kubwa zaidi. Bed Bath & Beyond nayo mwaka 2023 iliwapa wateja wiki chache tu kuzitumia. Hayo ni maduka, si hoteli, na siamini kwamba kampuni kubwa za hoteli ziko ukingoni. Hata hivyo, sioni sababu ya kuikopesha kampuni ya hoteli pesa ya mwaka mzima kwa ajili ya asilimia chache.

Hatari iliyo karibu zaidi ni wizi. Wezi huzichukua kadi zilizotundikwa dukani, wanafungua pakiti, wananakili namba, wanakwangua ukanda wa namba ya siri na kuufunika upya kwa stika, kisha wanazirudisha kwenye rafu. Wewe ukishalipa na kadi ikapata pesa, wao wanaitoa kabla hujafika nyumbani. Tatizo hili limekua kiasi kwamba jimbo la Maryland lilipitisha sheria mwaka 2024 inayodai vifungashio vigumu kuchezewa. Kwenye rafu mimi naichukua kadi ya nyuma, si ya mbele. Napitisha ukucha pembeni mwa pakiti nitafute gundi iliyonyanyuka. Nainamisha kadi kwenye mwanga na kuangalia ule ukanda wa kijivu: ule wa kiwandani umelala sawa na plastiki, usoni ni laini, na kingo zake hazishiki ukucha. Stika iliyobandikwa na mtu inashika. Nikipata shaka naiacha na kumwita mfanyakazi wa duka. Kadi ya kielektroniki inayotumwa kwa barua pepe kutoka kwa kampuni yenyewe haina hatari hiyo, na kwangu ndiyo chaguo la kwanza, isipokuwa pale masharti ya hoteli yanapotaka kadi ya plastiki mkononi.

Soko la mkono wa pili lina tatizo lake. Muuzaji wa kwanza bado anazijua namba. Niliwahi kununua kadi kwenye soko moja la mtandaoni, nikaangalia salio siku hiyo hiyo, likawa kamili. Wiki chache baadaye, kabla ya kusafiri, nikaangalia tena: sifuri. Nilirudishiwa pesa zangu kwa sababu dhamana ya tovuti ilikuwa bado hai na nilikuwa na picha ya salio la siku ya kwanza, lakini ilibidi niandike barua pepe nyingi na kusubiri. Kila tovuti ina dhamana yake na muda wake. Soma muda huo kabla ya kulipa, na hakikisha tarehe ya safari yako iko ndani yake. Dhamana inayokwisha kabla hujalala hotelini haikulindi kwa lolote. Ukinunua kwa mtu binafsi kwenye mtandao wa kijamii, bila dhamana yoyote, huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na siwezi kukushauri hata punguzo likiwa nusu bei.

Na ikitokea mtu amekupigia simu akitaka umlipe deni, faini au kodi kwa kumsomea namba za kadi ya zawadi, kata simu. FTC imekuwa ikilisema hili kwa miaka: anayedai malipo kwa kadi ya zawadi ni tapeli.

Kuhusu muda wa kadi, sheria ya shirikisho inayoitwa CARD Act, ya mwaka 2009, inasema pesa iliyo kwenye kadi ya zawadi haiwezi kuisha muda kabla ya miaka 5 tangu kadi itolewe au iongezwe pesa mara ya mwisho, na ada ya kutotumia haiwezi kutozwa kabla ya mwaka mmoja wa ukimya. Hilo ni jema. Lakini kinga hii haizigusi kadi za bure za promosheni. Ile kadi ndogo ya nyongeza unayopewa kwa kununua kubwa inaweza kuisha baada ya miezi michache tu. Nikipima ofa ya namna hiyo, nyongeza naihesabu tu kama nina safari iliyo ndani ya tarehe zake. Vinginevyo kwangu ni sifuri.

Pointi ambazo hoteli huwapa wateja wake wa kudumu nazo zina pande mbili. Ukiweka nafasi moja kwa moja kwa kampuni na kulipa kwa kadi yake, ulalaji wako kwa kawaida unahesabika kwenye mpango wa wateja wa kudumu kama vile umelipa kwa njia nyingine yoyote. Hilo linanifaa sana. Unachopoteza ni pointi za ziada za kadi ya mkopo ya hoteli, kwa sababu manunuzi ya kadi dukani au kwenye tovuti ya mkono wa pili hayasomeki kama matumizi ya hotelini. Aidha, bima ya safari inayokuja na baadhi ya kadi za mkopo inataka gharama iwe imelipwa kwa kadi hiyo. Kwa safari ndefu na ghali, yenye ndege na malazi ya wiki nzima, mimi naacha punguzo na kulipa kwa kadi ya mkopo ili nibaki na bima.

Kadi za tovuti za kuuza vyumba ni mnyama mwingine. Ya Hotels.com, kwa mfano, inafanya kazi kwa vyumba unavyolipia wakati wa kuweka nafasi, si vile vya kulipa ukifika. Faida yake ni kwamba unaimaliza mtandaoni, bila kumweleza karani yeyote chochote, na una hoteli nyingi za kuchagua, hata zisizo na jina kubwa. Hasara ni kwamba kampuni nyingi za hoteli hazikupi pointi ukipitia kwa wauzaji wa kati, na chumba kikiwa na tatizo, mapokezi wanakuelekeza kwenye tovuti na tovuti inakurudisha mapokezi. Nazitumia kwenye miji midogo ambako hoteli za kampuni kubwa hazipo.

Kwa mtu anayelala hotelini mara moja kwa mwaka, sioni haja ya kuhangaika na haya yote. Bei ya mwanachama, ambayo kujiunga ni bure, inamtosha. Kwa anayesafiri kikazi kwa pesa yake, au familia inayojua kabisa wapi na lini italala, kadi hizi nazipa alama nne kati ya tano zikinunuliwa kwa kampuni yenyewe au duka la kuaminika, na tatu zikinunuliwa mkono wa pili. Punguzo la chini ya asilimia 5 siligusi, halilipi muda wangu. Kutoka mkono wa pili nataka angalau asilimia 10, safari iwe ndani ya mwezi mmoja, nafasi ya chumba iwe imeshathibitishwa, na niwe nimepiga simu hotelini kuuliza kama wanapokea kadi ya kampuni yao. Simu hiyo nampigia karani wa mchana, siku za kazi, na jina lake naliandika pembeni ya namba ya uthibitisho.